Modi za Wachezaji katika Michezo ya Pamoja Mtandaoni: Funzo la Guangzhou

Modi ni badiliko ambalo mchezaji, kwa maarifa yake na bila kuajiriwa na kampuni iliyotengeneza mchezo wa kompyuta, huliingiza katika mchezo huo ili uonekane, usikike au uchezeke kwa namna ambayo watengenezaji wake hawakuipanga. Badiliko hilo laweza kuwa dogo, kama vile kumvika mhusika vazi jipya, au likawa kubwa kiasi cha kuzaa mchezo mwingine kabisa juu ya msingi wa ule wa awali. Mchezo unapochezwa na mtu mmoja chumbani mwake, jambo hili ni lake peke yake, kwa kuwa akiharibu anajiharibia na akitengeneza anajitengenezea. Hali hubadilika pale mamia au maelfu ya watu wanapokutana ndani ya seva moja, yaani kompyuta kuu inayowaunganisha na kutunza hali ya mchezo wao wote, kwa maana hapo faida anayojipa mmoja yaweza kuwa hasara anayomtwisha mwenziwe asiyejua lolote. Kwa sababu hiyo, faida na hasara za modi katika michezo ya pamoja haziwezi kupimwa kwa kuwasifu wabunifu tu wala kwa kuwalaani wadanganyifu tu. Kiini cha suala ni nani mwenye mamlaka juu ya uwanja wa pamoja, na anayatumia mamlaka hayo kwa masharti gani.

Guangzhou, kusini mwa China, ni mahali pazuri pa kulichunguza suala hili. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaujua mji huo zaidi kwa wafanyabiashara wa Kiafrika wa mtaa wa Xiaobei na kwa makontena ya bidhaa yaendayo Kariakoo na Eastleigh, lakini huko ndiko Ding Lei alikoanzisha kampuni ya NetEase mwaka 1997, na huko pia ndiko Li Xueling alikoanzisha tovuti ya Duowan mwaka 2005. NetEase imekuwa mwendeshaji wa michezo miwili ya kigeni ambayo uhai wake umetegemea sana kazi ya wachezaji, yaani World of Warcraft na Minecraft, na wakati huohuo ni mtengenezaji wa michezo yake yenyewe inayoathiriwa na modi asizoziruhusu. Katika kampuni moja, basi, zinakutana hoja za pande zote, na Mahakama Kuu ya mkoa wa Guangdong, yenye makao yake katika mji huohuo, imelazimika kutoa uamuzi juu ya baadhi ya hoja hizo.

Faida iliyo kubwa kuliko zote ni ugunduzi wa aina mpya za michezo, na ushahidi wake hauna shaka. Counter-Strike ulianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life iliyotungwa na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, kabla ya kampuni ya Valve kuununua mwaka 2000. Defense of the Ancients, unaojulikana zaidi kama DotA, ulizaliwa mwaka 2003 kutokana na kihariri cha ramani cha Warcraft III, chombo ambacho kampuni ya Blizzard iliwapa wachezaji ili wajichoree viwanja vyao wenyewe. Humo wachezaji wakalikuza pambano la timu mbili za watu watano watano, na kutokana na wazo hilo zikapatikana League of Legends mwaka 2009 na Dota 2 mwaka 2013. Pambano la watu wengi katika eneo moja, ambapo anayebaki hai mwishoni ndiye mshindi, lilikomazwa na Brendan Greene kupitia modi za Arma kabla halijawa PUBG mwaka 2017, na mwaka huohuo NetEase ikatoa Knives Out, mchezo wa aina hiyohiyo uliopendwa mno Japani, hata wenye PUBG wakaishtaki NetEase mahakamani California mwaka 2018 na shauri likamalizwa kwa makubaliano. China nayo ililipa deni hilo la mawazo: Januari 2019 kikundi cha Kichina cha Drodo kilitoa Dota Auto Chess kama modi ndani ya Dota 2, na kabla ya mwaka kwisha Valve na Riot Games zilikuwa zimekwisha kutoa michezo yao iliyojengwa juu ya wazo hilo.

Sababu ya mafanikio hayo si kwamba wachezaji wana vipaji kuliko wataalamu walioajiriwa, bali ni kwamba kushindwa hakuwagharimu sana. Kampuni inayoweka mamia ya wafanyakazi katika mradi wa miaka kadhaa haiwezi kulijaribu wazo lisilo na mfano sokoni, ilhali mtengenezaji wa modi hupoteza muda wake wa usiku tu. Na kwa kuwa seva tayari zina watu waliouzoea mchezo wa msingi, wazo lake hupata wachezaji halisi ndani ya siku chache, likikataliwa linakufa kimya na likipendwa linasambaa. Modi elfu nyingi zimekufa kwa namna hiyo bila mtu kuziomboleza, na ni vifo hivyo vilivyowezesha chache kuishi.

Hata hivyo, faida hiyo mara nyingi haikumfikia aliyeizalisha. Modi hujengwa juu ya msimbo, yaani maagizo ya programu, pamoja na picha na sauti ambavyo ni mali ya mwingine, na kwa hiyo mtengenezaji wake hana msingi imara wa kudai hakimiliki juu ya kitu kizima, hata kama wazo lililowavuta watu ni lake. Baadhi ya waliotunga DotA waliajiriwa na kampuni zilizokuja kuutajirikia mtindo huo. Wengine walibaki na sifa tu. Blizzard yenyewe, iliyokuwa imetoa kihariri cha ramani bila kutazamia kitakachotokea, iligombana na Valve juu ya jina la Dota hadi mwaka 2012 waliposuluhishana, na ilipotoa Warcraft III: Reforged mwaka 2020 iliweka masharti yanayosema kwamba kila mchezo utakaotungwa kwa zana zake utakuwa mali yake. Kampuni ilikuwa na haki ya kuogopa kupitwa mara ya pili, lakini sharti la namna hiyo linamnyima mbunifu sababu ya kuleta wazo lake bora mahali hapo, na chombo kilichozaa aina nzima ya michezo kinageuzwa kuwa mtego.

Mfano wa World of Warcraft unaonyesha upande mwingine. Mchezo huo, nao wa Blizzard, una programu-jalizi, ambazo ni vijiprogramu vinavyoandikwa na wachezaji kwa lugha ya Lua na kupachikwa juu ya kiolesura, yaani sehemu ya skrini inayomwonyesha mchezaji taarifa na vitufe vya kutendea. Programu-jalizi haziwezi kubadilisha ulimwengu uliomo ndani ya seva. Zinaweza tu kupanga upya kile ambacho mchezaji anaruhusiwa kukiona. NetEase ilichukua uendeshaji wa mchezo huo China mwaka 2009, lakini wachezaji wa huko walikuwa na desturi ya programu-jalizi tangu awali, na Guangzhou ilikuwa mojawapo ya chemchemi zake. Tovuti ya Duowan ilipata umaarufu kwa kuwahudumia wachezaji hao, ikawasambazia vifurushi vya programu-jalizi vilivyokwisha kupangwa na kuwekwa kwa Kichina, kisha mwaka 2008 ikatoa YY, programu ya kuzungumza kwa sauti ambayo vyama vya wachezaji vilitumia kuongozana vitani. Kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa la Nasdaq mwaka 2012, na asili ya utajiri wake ilikuwa mahitaji ya wachezaji ambayo mchezo wenyewe haukuyatosheleza. NetEase nayo ilikuja kutoa kifurushi chake kiitwacho Youai, jambo lenye maana kubwa, kwa kuwa mwendeshaji rasmi alikiri kwa vitendo kwamba mchezo anaouendesha haujakamilika bila kazi ya wachezaji.

Tatizo ni kwamba msaada huo ulianza kucheza badala ya mchezaji. Mchezaji wa bao anaweza kuja na ubao uliochongwa apendavyo, lakini akija na mtu wa kumnong'onezea idadi ya kete na shimo la kuanzia, mchezo umekwisha kuwa mwingine. Zipo programu-jalizi zilizomtangazia mchezaji kila hatari kabla haijamfika, na zipo zilizomchagulia mwenzake wa kumtibu, hata Desemba 2006 Blizzard ikazifungia uwezo wa kufanya uamuzi kwa niaba ya mtu. Tatizo halikuishia hapo. Wabunifu wa mchezo walianza kutunga mapambano magumu zaidi kwa kudhani kwamba kila mchezaji ana msaidizi, na asiyekuwa naye akajikuta hafai kualikwa. Wengine wakapimwa kwa programu-jalizi iliyowapa alama kulingana na silaha na mavazi yao, na mtu mwenye alama ndogo akakataliwa na wachezaji ambao hawajawahi kumwona akicheza. Mwaka 2025 Blizzard ilitangaza kwamba kuanzia toleo liitwalo Midnight itazizuia programu-jalizi zisichakate taarifa muhimu za mapambano, na kwamba itajenga yenyewe baadhi ya zana hizo. Uamuzi huo ulichelewa sana, lakini ulikuwa sahihi, kwa sababu kitu cha hiari kinachogeuka kuwa sharti la kupokelewa na wenzako si hiari tena.

Somo zito zaidi linatoka katika Minecraft. Mei 2016 kampuni ya Mojang na mmiliki wake Microsoft zilitangaza makubaliano ya kuipa NetEase leseni ya kuuendesha mchezo huo China, na toleo la kompyuta likaanza Agosti 2017. Nje ya China mchezo huo hununuliwa, na modi za toleo lake la Java zimekuwa zikisambazwa bila malipo tangu miaka ya mwanzo, huku kila mtu akiweza kufungua seva yake na kuweka sheria zake. Nchini China mchezo hutolewa bure, na modi zinapita katika duka moja ambamo mtengenezaji huwasilisha kazi yake, NetEase huikagua, wachezaji huilipia kwa sarafu za ndani ya mchezo, na mtengenezaji hupata sehemu ya mapato. Kwa toleo la simu NetEase iliandaa zana za kuandikia modi kwa lugha ya Python, lugha ambayo kijana wa sekondari anaweza kujifunza. Kufikia mwaka 2019 kampuni ilisema wachezaji waliojisajili wamepita milioni 200, na soko la ukubwa huo liliwezesha vikundi vya watengenezaji kuishi kwa kazi ambayo kwingineko ilikuwa ya kujitolea.

Faida ya utaratibu huo hujitokeza wazi unapolinganishwa na yaliyotokea mahali pasipo na mlinzi. Juni 2023 iligunduliwa kwamba modi kadhaa za Minecraft zilizokuwa katika jukwaa kubwa la CurseForge zilikuwa zimepachikwa programu hasidi iliyopewa jina la Fractureiser, ambayo iliiba nywila na taarifa za fedha za kidijiti za watu waliodhani wanapakua kazi ya mtengenezaji wanayemwamini. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, Desemba 2021, kasoro ya Log4Shell ilikuwa imeonyesha kwamba seva ya Minecraft ingeweza kutekwa kwa ujumbe mmoja ulioandikwa kwenye sehemu ya mazungumzo; kasoro hiyo haikusababishwa na modi, lakini modi ziliizidishia athari, kwa kuwa seva nyingi hubaki kwenye matoleo ya zamani ambayo modi zao ziliandikiwa na hazisasishwi ipasavyo. Mzazi anayemruhusu mwanawe apakue modi hana njia ya kujua kilichomo ndani ya faili, na kumwambia awe mwangalifu ni kumtwisha mzigo asioweza kuubeba. Ukaguzi wa kitaalamu kabla ya usambazaji ni kinga ya kweli, na wanaoupinga kwa jina la uhuru mara nyingi ni watu wenye ujuzi wa kujilinda wenyewe.

Lakini mkaguzi wa China hatafuti wizi wa nywila peke yake. Mchezo wowote unaouzwa nchini humo unahitaji kibali cha serikali, wachezaji husajiliwa kwa majina yao halisi, na tangu Septemba 2021 watoto wameruhusiwa kucheza michezo ya mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Katika mazingira hayo modi huchunguzwa pia kwa maudhui yake, na kitu kama Maktaba Isiyodhibitiwa, jengo ambalo shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka lililifungua ndani ya Minecraft Machi 2020 ili lihifadhi makala zilizopigwa marufuku katika nchi mbalimbali, hakiwezi kupita dukani humo. Mtengenezaji asiyeridhika na uamuzi wa mkaguzi hana duka jingine halali la kuwafikia wachezaji haohao, na hili ndilo jambo linalopaswa kuwahuzunisha wapenzi wa michezo kuliko yote: lango lililojengwa kuzuia programu hasidi ni lilelile linalozuia fikra, na anayelishika hawajibiki kwa wanaolipitia.

Uzito wa kazi ya wachezaji ulijitokeza kwa namna isiyotarajiwa mahakamani. NetEase iliishtaki kampuni ya Shenzhen inayomiliki Mini World, mchezo wa kujenga kwa matofali unaofanana na Minecraft, na tarehe 30 Novemba 2022 Mahakama Kuu ya Guangdong ilitoa hukumu ya mwisho. Ilikataa dai la hakimiliki, ikakubali dai la ushindani usio wa haki, ikaamuru vitu 230 viondolewe katika Mini World na NetEase ilipwe fidia ya yuan milioni 50. Ombi la kuufunga mchezo wote lilikataliwa, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba katika mchezo wa aina hiyo sehemu kubwa ya vilivyomo imetungwa na wachezaji wenyewe, ambao maslahi yao yangeumizwa bila kosa lao. Hukumu hiyo haikuwapa wachezaji umiliki, wala wao hawakuwa upande wowote katika shauri, lakini ilikubali hoja ambayo makampuni hujaribu kuizima katika mikataba yao, kwamba kazi ya mchezaji ina thamani ambayo mwenye mchezo hawezi kuipuuza anapoamua hatima ya mchezo. Hiyo ni hatua ya maana, na ilistahili kuzungumzwa zaidi kuliko kiasi cha fidia kilichotawala habari za siku zile.

Umebaki mpaka kati ya modi na udanganyifu, ambao kinadharia ni rahisi kuuchora na kiutendaji ni mgumu kuulinda. Programu inayomwonyesha mtu adui aliye nyuma ya ukuta, au inayomlengea shabaha, hubadilisha faili au kumbukumbu ya mchezo kwa mbinu zilezile zinazotumiwa na mtu anayebadilisha vazi la mhusika. China ilianza kampeni rasmi dhidi ya programu hizo na dhidi ya seva za magendo Desemba 2003, na tangu hapo watengenezaji na wauzaji wake wamekuwa wakishtakiwa kwa makosa ya jinai. Mwaka 2021 polisi wa Kunshan, mkoani Jiangsu, wakishirikiana na kampuni ya Tencent, walivunja mtandao uliokuwa umeuza programu za aina hiyo kwa takriban dola milioni 76. Biashara yenye fedha kiasi hicho haiwezi kuzuiwa kwa kuwasihi wachezaji wawe waungwana.

Kwa sababu hiyo kampuni nyingi huona usalama katika kupiga marufuku kila kitu. NetEase ilitoa Marvel Rivals Desemba 2024, na mara wachezaji wakaanza kuwavika mashujaa wake sura za watu na wahusika wengine, sura zilizoonekana na aliyeziweka peke yake. Januari 2025, msimu wa kwanza ulipoanza, mchezo uliongezewa uhakiki wa faili, yaani utaratibu wa kulinganisha faili za mchezaji na alama za faili halisi, na modi nyingi zikaacha kufanya kazi, ingawa baada ya siku chache wajuzi walipata njia ya kuukwepa. Kampuni ina hoja mbili: haiwezi kutofautisha kwa uhakika anayebadilisha vazi na anayebadilisha ukubwa wa adui ili ampige kirahisi, na mapato ya mchezo uliotolewa bure yanatokana na mavazi hayohayo. Hoja ya kwanza ni ya wachezaji wote na inastahili kusikilizwa. Ya pili ni ya kampuni peke yake, na kuifunika kwa vazi la ya kwanza si uungwana kwa watu wanaolipa.

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki. Vijana wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakipaka mabasi ya nchi zao ndani ya Bus Simulator Indonesia na Euro Truck Simulator 2, wakayasafirisha katika misafara ya pamoja mtandaoni, na kwa wengi wao hiyo ndiyo shule ya kwanza ya uchoraji wa kompyuta na uandishi wa programu waliyoipata bila ada. Wakati huohuo, michezo ya simu iliyochezewa msimbo hupitishwa kutoka simu hadi simu bila mtu kujua kilichopakiwa ndani yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 ziliandikwa kwa ajili ya wadukuzi na matapeli, si kwa ajili ya kijana anayebadilisha rangi ya basi, na ni vema mipaka ya makosa hayo ielezwe kabla kesi ya kwanza haijaichora vibaya.

Wanaotengeneza michezo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wana nafasi ambayo Blizzard na NetEase hazikuwa nayo, kwa kuwa wanaanza wakiwa wamekwisha kuyaona yote haya. Wafungue zana zao kwa wachezaji tangu toleo la kwanza. Waache huru kila kinachobadilisha skrini ya mtu mmoja bila kumwongezea uwezo, na wazuie kwenye seva yenyewe kila kinachogusa haki ya mpinzani. Wakague faili kwa usalama wake na watoe sababu za maandishi wanapokataa. Na waandike katika mkataba, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba jina la mtengenezaji wa modi litabaki kwenye kazi yake na kwamba mapato yakipatikana naye atalipwa sehemu yake.